Kuwa Tarjumani wa Nafsi Yako

Mwaka 1857, Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walipokuwa wakizunguka pande za Pangani kabla ya kuanza safari yao ya kutafuta maziwa ya bara, walimkuta katika ngome ya Chogwe, miongoni mwa askari wa Sultani wa Unguja, mtu mmoja wa kabila la Wayao aitwaye Sidi Mubarak, wakamwajiri. Naye akaja kujulikana katika vitabu vya wasafiri wa karne ile kwa lakabu ya Bombay. Hakuwa mtu wa nasaba wala wa mali. Alitekwa kwao angali mtoto, akateremshwa Kilwa, akauzwa kwa mfanyabiashara aliyemvusha bahari mpaka Gujarati, na huko akakaa utumwani miaka mingi, hata bwana wake alipofariki naye akapata uhuru wake, akarejea Unguja mikono mitupu. Lakini katika miaka ile ya utumwa alikuwa amejifunza Kihindustani. Na Speke, aliyekuwa ametumikia jeshi la Bara Hindi, hakuwa na lugha nyingine ya Mashariki aliyoweza kuitegemea ila hiyo. Basi yule mtu ambaye juzi alikuwa askari wa mshahara mdogo katika ngome ya mpakani, akawa leo ulimi na masikio ya msafara mzima.

Kuanzia hapo hakukosa kazi. Alikwenda na Speke mpaka ziwa la Nyanza mwaka 1858. Akasafiri naye tena, pamoja na msafiri mwenzake Grant, tangu 1860 hadi 1863. Msafiri Stanley alipokwenda kumtafuta mmisionari Livingstone mwaka 1871 alimchukua. Na msafiri mwingine, Cameron, alipovuka bara lote kutoka Bagamoyo hata pwani ya Atlantiki, baina ya 1873 na 1875, Sidi Mubarak alikuwa mkuu wa watu wake. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtuza nishani na kumkatia malipo ya uzeeni. Bila shaka alikuwa na sifa nyingine, uaminifu na ustahimilivu na ujuzi wa njia. Lakini sifa hizo walikuwa nazo wapagazi wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote; kilichomtenga nao ni lugha.

Hata hivyo, faida ya lugha hudhihirika zaidi pale inapokosekana, na kwa kuliona hilo hatuna haja ya kuuacha msafara uleule. Walipofika Tabora, mahali ambapo Waarabu walipaita Kazeh, Burton, ambaye Kiarabu alikijua sana, aliketi na Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiomani aliyekaa bara miaka mingi, na kutoka kinywani mwake akapata habari za maziwa, njia, falme, bidhaa na desturi, ambazo zilijaza kurasa nyingi za kitabu chake. Speke alikuwa papo hapo, wala hakufahamu mazungumzo. Alipokwenda kaskazini pasipo mwenzake, na mwezi wa Agosti 1858 akaliona ziwa lililo kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, kila swali aliloliuliza juu ya maji yale, yanaanzia wapi na yanaishia wapi, lilitoka kwake kwa Kihindustani, Sidi Mubarak akaligeuza Kiswahili, mwingine akaligeuza lugha ya wenyeji, na jibu likarudi kwa ngazi zilezile. Aliporejea Tabora akitangaza kwamba ameona chimbuko la mto Nili, Burton hakukubali, na miongoni mwa hoja alizoziandika baadaye mojawapo ilikuwa hiyo, kwamba maneno yaliyopita katika vinywa vya watu kadhaa na lugha kadhaa hayafai kuwa ushahidi. Speke alikuwa amesema kweli, kama ijulikanavyo leo. Lakini kweli yake alikuwa ameiona kwa macho tu. Ya kusikia hayakuwa na nguvu, na ugomvi wao uliendelea mpaka Speke alipofariki mwaka 1864.

Kabla ya kufariki kwake, mwezi wa Februari 1862, Speke alifika mbele ya Kabaka Mutesa wa Buganda, na hapo ngazi za tafsiri zikazidi kuwa ndefu, kwa kuwa desturi ya baraza ile haikumruhusu mgeni kumwelekezea mfalme maneno pasipo kupitia kwa mmoja wa wakubwa. Ilimbidi Speke amwambie Sidi Mubarak, naye amwambie mkalimani aliyejua Kiganda, naye amfikishie mkubwa wa baraza, ndipo Mutesa asikie. Mfalme mwenyewe alikuwa kijana mwepesi wa akili na mwenye pupa ya kujua, na aghalabu swali lake la pili lilikwisha kutoka kabla jibu la kwanza halijamfikia. Tazama basi alilolifanya. Katika miaka iliyofuata alijifunza Kiswahili kwa wafanyabiashara wa pwani, pamoja na kuandika kwa herufi za Kiarabu, na Stanley alipofika kwake mwaka 1875 alimkuta akizungumza Kiswahili, yeye na wakubwa wake. Walipokuja wamisionari wa Kiingereza mwaka 1877 na wa Kifaransa mwaka 1879, na Waislamu walikuwapo zamani, lugha hiyo ilikuwa tayari barazani, na Mutesa aliweza kuwasikiliza wageni hao wote bila pazia baina yake na wao, akauliza papo hapo, akautazama uso wa kila msemaji wakati neno lenyewe likitoka. Mfalme ambaye angeweza kuamuru wakalimani wangapi apendao aliona kwamba hapana hata mmoja atakayesikia kwa niaba yake kama atakavyosikia yeye.

Hilo ndilo ninalolitaka, na ndilo ninalolishikilia kuliko mengine yote yanayosemwa katika kusifia ujuzi wa lugha. Waalimu hutaja upana wa fikira, na kusoma vitabu vya watu wengine, na heshima mbele ya wageni. Wataalamu wa ubongo nao wana habari zao: mwaka 2007 Ellen Bialystok na wenzake wa Toronto walitangaza kwamba katika wagonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni waliowachunguza, wale waliotumia lugha mbili maisha yao yote walianza kuona dalili za maradhi takriban miaka minne baada ya wale wa lugha moja; habari njema, ijapokuwa wataalamu wengine wamekuwa wakiijadili tangu hapo na hawajakubaliana. Lakini mtu wa kawaida mwenye duka, au mwenye lori, au mwenye mama mgonjwa, hajifunzi lugha kwa ajili ya ubongo wake wa uzeeni. Faida atakayoiona mwaka huu, na kuihesabu, ni kwamba katika mambo yanayohusu mali yake na mwili wake na heshima yake hatamkabidhi mtu wa tatu masikio yake na ulimi wake. Mkalimani mwaminifu hupunguza; mkalimani asiye mwaminifu huongeza; na yule anayetegemea tafsiri hana njia ya kuwapambanua hao wawili.

Wapo waliojifunza jambo hili katika dhiki. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, aliiacha nchi yake mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani aliyekuwa mfanyabiashara Unguja, akaenda kukaa naye Hamburg. Na mumewe akafa mwaka 1870 kwa ajali ya gari la reli ya mjini, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ambayo aliingia hajui lugha yake. Binti wa Sultani, aliyezoea kuhudumiwa, alikuwa sasa hana wa kumsemea mbele ya mawakili wala wenye nyumba wala waalimu wa watoto wake. Alijifunza Kijerumani, tena kwa kina kiasi cha kuandika kwa lugha hiyo kumbukumbu za maisha yake zilizochapishwa mwaka 1886; na katika miaka ya uhaba wa fedha aliwafundisha Wajerumani Kiarabu, akapata kwa hilo sehemu ya riziki yake. Lugha aliyojifunza ugenini ilimlinda, na lugha aliyotoka nayo kwao ikamlisha.

Tuje katika zama zetu. Mtu akienda soko la Kariakoo, Dar es Salaam, akauliza katika maduka ya nguo, viatu, vipuri vya pikipiki na vyombo vya umeme, ataambiwa kwamba mzigo umetoka Guangzhou au Yiwu, huko China, na kwamba mwenye duka, au ndugu yake, ameufuata huko mwenyewe. Hii ni ghera ya kusifiwa. Wengi wa hao hawakusoma Kichina hata siku moja. Huandika bei katika kikokotoo, muuzaji akafuta akaandika yake, nao wakaendelea hivyo hivyo mpaka wakakubaliana. Kikokotoo husema bei, lakini hakisemi kitambaa kina uzi wa namna gani, wala soli imeshonwa au imegandishwa kwa gundi, wala kwamba mzigo wa sampuli na mzigo wa kontena haitoki katika kiwanda kimoja. Kwa mambo hayo hutafutwa wakala ajuaye Kichina, ambaye huweza kulipwa na mnunuzi kwa kumpeleka kiwandani na kulipwa na kiwanda kwa kumleta mnunuzi, na mnunuzi asijue ni upande upi uliolipa zaidi. Sisemi kuwa mawakala wote ni wadanganyifu. Wapo waliookoa mitaji ya watu. Nasema kwamba mfanyabiashara aliyesimama kati ya wawili wanaosemezana na kucheka, asijue wanasema nini juu ya fedha zake, hana biashara mkononi, ana matumaini. Tangu 2013 vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vina taasisi za Confucius zinazofundisha Kichina, na kijana atokaye huko na Kichina cha kutosha kusoma lebo, kuuliza uzito wa kitambaa, na kuelewa tarehe ya kupakia meli, ni mtu ambaye familia ya wafanyabiashara inapaswa kumtazama kwa macho mengine. Wala si lazima familia yote ikajifunze. Nyumba moja ikiwa na mmoja ajuaye, anayekula sahani moja na wenye mtaji, amana imekaa mahali pake.

Dereva wa lori naye anajua. Njia itokayo bandari ya Dar es Salaam hupita Tunduma, ikavuka kuingia Nakonde ya Zambia, ikashuka mpaka Kapiri Mposhi na ukanda wa shaba, ikavuka tena Kasumbalesa kuingia Kongo, ikaishia Lubumbashi au kwenye machimbo ya mbele yake. Katika safari hiyo moja mtu huacha Kiswahili Tunduma, akakutana na Kibemba na Kiingereza, kisha Lubumbashi akakikuta Kiswahili kingine, chenye maneno na lafudhi ambazo mtu wa Tanga zitamchukua siku chache kuzizoea, huku makaratasi ya forodha ya mpaka ule yameandikwa Kifaransa. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini karatasi ya forodha haikubadilika lugha kwa ajili hiyo. Dereva anayeweza kusoma katika Kifaransa jina la bidhaa yake, uzito wake, na neno la kodi na neno la faini, hulipa kilichoandikwa. Asiyeweza hulipa alichoambiwa. Ni maneno machache mno, yanayoenea katika karatasi moja, nami sijui kwa nini wenye makampuni ya malori hawawachapishii madereva wao karatasi hiyo na kuibandika katika kila kichwa cha gari.

Huko Malindi na Watamu Kiitaliano kiliingia pamoja na Waitaliano waliokuja katika miaka ya 1960 kujenga kituo cha kurushia satelaiti Ngomeni, ambako mwaka 1967 satelaiti yao ya San Marco ilirushwa kutoka jukwaa la baharini. Waliotangulia wakasifia pwani ile kwa wenzao, wageni wakafuata, na vijana wa Kigiriama na Kibajuni wauzao vinyago au wenye mitumbwi ya kuwapeleka wageni miambani wakajifunza lugha hiyo pasi na mwalimu wala kitabu. Wapo wanaowabeza kuwa chao ni Kiitaliano cha ufukweni. Kiitaliano cha ufukweni kimesomesha watoto wengi.

Lakini kuna mahali ambapo ukosefu wa lugha huumiza kuliko sokoni na mpakani, nako ni chumba cha daktari. Katika Usukumani, na katika sehemu nyingi za bara letu, bado kuna wazee, na hasa bibi zetu, ambao Kiswahili chao ni cha salamu tu, na ambao wakiugua huletwa hospitali na mjukuu ili awasemee. Mganga ametoka chuoni, ametumwa kazini kutoka Kilimanjaro au Mtwara. Anauliza, mjukuu anageuza, bibi anajibu, mjukuu anageuza tena. Sasa fikiri bibi yule ana maradhi ya kike, ya sehemu ambayo maisha yake yote hakuitaja mbele ya mwanamume, sembuse mbele ya mvulana aliyemlea mgongoni mwake. Atasema anaumwa tumbo. Mjukuu atageuza kwa usahihi kabisa, tumbo, na daktari ataandika dawa ya tumbo, na wote watatu watakuwa wamefanya wajibu wao, na ugonjwa utakaa palepale mpaka siku utakapokuwa haufichiki. Hapa hapana mkalimani aliyehini. Kilichokosekana ni daktari, au muuguzi, mwenye Kisukuma cha kutosha kumwambia kijana atoke nje kidogo, kisha akamsemesha bibi yule kwa lugha ya kwao, kwa heshima impasayo mkubwa, akamwuliza anaumwa wapi hasa.

Tunapotaja lugha ya pili mawazo yetu hukimbilia Kiingereza, Kichina, Kifaransa, lugha za mbali zenye ndege na fedha. Na Kiswahili kwa yule aliyezaliwa katika lugha nyingine. Ni nadra kumsikia mtu wa pwani akisema anajifunza Kisukuma, au Kimakonde, au Kiluo, ilhali mwalimu, mganga, bwana shamba, polisi na hakimu hupelekwa kufanya kazi miongoni mwa watu hao miaka kumi, na wakirudi hawana hata maneno ya kumpa pole mfiwa. Sheria imefanya sehemu yake: Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 50, humpa mshitakiwa asiyefahamu lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo, na Tanzania kwa sheria ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zake, jambo ambalo limewapunguzia watu wengi mzigo mkubwa. Sheria haiwezi, hata hivyo, kumpa hakimu masikio ya kumsikia mzee wa kijijini anapotua katikati ya sentensi, na kujua kwamba ametua kwa haya wala hakutua kwa uwongo.

Na lugha za jirani ndizo zilizo nyepesi kwetu. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba mwanafunzi wake, ambaye lugha yake ni Kiingereza, huhitaji takriban wiki 24 za masomo ya kutwa ili afikie kiwango cha kufanyia kazi katika Kiitaliano, 36 katika Kiswahili, na 88 katika Kiarabu au Kichina. Kipimo hicho ni cha Mmarekani, nacho kinatufundisha kwamba ugumu wa lugha hautokani na lugha peke yake, hutokana pia na mahali ulipotoka wewe. Mswahili akikiendea Kisukuma au Kikikuyu hukuta majina yamepangwa kwa ngeli anazozijua, na kitenzi kinabeba mtendaji na wakati kwa namna aliyoizoea tangu utoto. Akikiendea Kiarabu hukuta hesabu ya sita, saba, tisa, ishirini mpaka mia na elfu amekwisha kuijua, pamoja na maneno mamia ya dini, biashara na sheria. Hiyo ni akiba kubwa, ambayo Mmarekani yule hana, nasi hatuitumii.

Wala hapana haja ya kuingoja lugha mpaka ijulikane yote. Mtu akiulizwa kwa nini hajifunzi, husema lugha ni bahari. Ni kweli, lakini mvuvi haijui bahari yote. Anaijua miamba na mikondo ya pale anapovulia. Daktari hahitaji mashairi ya Kisukuma ili amwulize mgonjwa maumivu yameanza lini, ni ya kuchoma au ya kukata, yanazidi usiku au mchana, na kuna damu au hapana. Hayo ni maswali ya wiki chache, ambayo muuguzi mwenyeji anaweza kumfundisha baada ya kazi, akamsahihisha matamshi, na akamwonya ni neno gani halisemwi mbele ya wakubwa. La muhimu ni kujifunza si maswali tu bali na majibu yake, kwa maana kosa la wanaojifunza kwa vitabu ni kukariri namna ya kuuliza, kisha mwenye lugha akijibu kwa kasi yake ya kawaida wanabaki kumtazama. Anayetaka kusikia asikilize kwanza, asikilize sana, mahali ambapo kazi yake inafanyika. Na asione haya kuchekwa, kwa sababu aghalabu wanaocheka ni wale waliofurahi kusikia lugha yao ikitamkwa na mgeni.

Sasa nifike katika jambo ambalo linanishughulisha kuliko haya yote. Kila mwezi wasichana wa Kenya, Uganda na Tanzania hupanda ndege kwenda kufanya kazi za nyumbani Oman, Saudia na nchi nyingine za Ghuba. Wapo watakaobahatika kuingia Maskati katika nyumba ya watu wenye asili ya Unguja, ambamo Kiswahili kinasemwa jikoni na sebuleni. Walio wengi hawatapata bahati hiyo. Huko, katika nyumba iliyofungwa, kila kitu kitapita katika Kiarabu: kazi, chakula, saa za kulala, mshahara, hasira. Wakala aliyempeleka msichana yuko mbali, na kazi yake kwa hesabu yake imekwisha. Msichana asiyefahamu anachoambiwa huonekana mkaidi au mjinga, na fitina nyingi zinazoishia katika simu za kilio zilianza kwa amri ndogo ambayo haikueleweka.

Na hapa pana dhana moja ya kuondolewa, nayo ni kwamba binti aliyehitimu madrasa anakijua Kiarabu. Amesoma Kurani vizuri, na Mwenyezi Mungu amlipe yeye na mwalimu wake. Lakini Kiarabu cha msahafu na Kiarabu kinachosemwa majumbani Riyadh au Sohar vimeachana mbali katika matamshi na katika maneno ya kila siku, na mtoto aliyesoma Juzuu Amma kwa tajwidi sahihi anaweza akashindwa kuomba ndoo. Msingi anao, tena msingi mzuri, maana herufi anazijua na sauti ngumu za kooni amekwisha kuzizoea. Kinachokosekana ni mazungumzo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa nauli na cheti cha afya, jamaa za msichana waulize amefundishwa nini. Awe anaweza kuhesabu fedha na siku kwa Kiarabu cha kule, na kusema mshahara wa mwezi fulani haujalipwa. Aweze kutaja viungo vya mwili na kusema hapa panauma, nina homa, nataka daktari, nataka daktari mwanamke. Aweze kusema kwamba pasipoti ni yake, kwamba siku ya mapumziko imeandikwa katika mkataba, kwamba anataka kumpigia simu mama yake. Na aweze kuyasikia majibu ya maneno hayo yanaposemwa kwa upole na yanaposemwa kwa ukali. Mkataba wenyewe asomewe mstari kwa mstari kabla ya kutia sahihi, na mtu ambaye halipwi na wakala. Mwalimu wa somo hili hatafutwi mbali. Katika Mombasa, Tanga, Unguja, Kampala, na katika vijiji vingi vya bara, wamo wanawake waliofanya kazi Ghuba miaka miwili au mitano wakarejea, wakiwa na Kiarabu cha jikoni, cha sokoni na cha hospitali ambacho hakuna chuo kinachokifundisha. Leo wengi wao wanauza maandazi au wamekaa bure. Wizara za kazi na mawakala wenye leseni wawaandikishe hao, wawape chumba na ubao, na wawalipe mshahara wa mwalimu.